Zamu ya Kumi na Moja

Nkwabi alizinduka akaomba chapati.

"Mbili," alisema, macho bado kayafumba. "Na chai ya rangi. Dada Minza yupo? Nasikia mtu anahema kama injini inayopanda mlima."

Aliyekuwa anahema ni mimi. Kwa saa tatu nilikuwa nimeegemea ukuta wa karakana ya zamani ya reli, tuliyoigeuza kuwa zahanati ya timu, nikimwangalia mtu niliyemfundisha kudunda mpira wa kikapu akiwa na miaka kumi, sasa amelala na kofia ya nyaya kichwani. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kwenda kumwambia mama yake. Aliposema chapati nikakaa sakafuni na kucheka mpaka fundi Anjelo akaniuliza kama nami nahitaji kitanda.

Anjelo ndiye mwenye kofia. Akamwinamia Nkwabi na taa yake ndogo.

"Jina lako?"

"Nkwabi Shija."

"Vidole vingapi hivi?"

"Vitatu, na kucha zako chafu."

"Saba mara nane?"

"Hiyo hata kabla hujanivisha dubwana lako sikuwa naijua."

Anjelo akazima taa, akaniinulia kidole gumba. Jaribio limepita salama.

Watu wengi mjini Tabora walidhani kofia inanakili, kama unavyonakili barua. Hainakili. Ujuzi wa mwili unakaa nyuma ya ubongo, umesukwa humo kwa miaka mingi ya kurudia, na kofia huufumua kwenye kichwa kimoja ikausuka kwenye kingine. Ukitaka ukili uende kwenye mkeka mwingine, sharti uufumue kwenye mkeka wa kwanza. Anayetoa habaki nao, na haurudi.

Siku ile tulihamisha kitu kimoja tu, mtupo huru, kutoka kwa Nkwabi kwenda kwa Yusto, kijana Muha wa miaka kumi na tisa kutoka timu yetu ya pili. Ligi huruhusu kila timu jaribio moja kabla ya Uteuzi wa wachezaji wapya. Jioni tukawapeleka wote wawili uwanjani. Nkwabi akasimama kwenye mstari, akatupa, mpira ukapita juu ya ubao ukaangukia kwa wauza mahindi. Akacheka kwa sauti. Kisha akasimama Yusto. Akashika sikio la kulia kwa vidole viwili, kama Nkwabi alivyofanya misimu kumi na minne, akatupa. Akaingiza arobaini na nane kati ya hamsini. Wazee wa jukwaani walisimama wakavua kofia zao.

"Tumepona," alisema Bi. Zuhura Kiyumbi, mwenyekiti wetu, akinishika bega. "Minza, mwaka huu tumepona."

Nami nilimwamini, maana tulikuwa tumeugua vya kutosha. Reli Tabora tulikuwa tumeshika mkia misimu miwili mfululizo. Tukaamua kubomoa na kujenga upya. Tukawaachia nyota wetu watatu waende timu nyingine, na kwa kila mmoja tukapewa zamu moja ya nyongeza kwenye Uteuzi. Zamu yetu wenyewe ilikuwa ya tatu. Za nyongeza zilikuwa ya kumi na moja, ya kumi na sita na ya ishirini. Ile ya kumi na moja ilikuwa badala ya Domitila, na siku Domitila anapanda treni kutuacha, hata wauza asali wa sokoni walifunga meza zao.

Kila zamu huja na mambo mawili, mchezaji mpya mmoja na ruhusa ya kumvisha kofia mara moja. Mtoaji tuliyekuwa naye ni Nkwabi tu, umri miaka thelathini na minane, goti la kushoto limekwisha, mkataba umemalizika Juni. Alikuja mwenyewe kujitolea, hakushikwa mkono. Kama tungekuwa na zamu moja, tungemtoa pasi zake tu, akaenda zake na vingine. Tulikuwa na nne, kwa hiyo tukapanga kumtoa pasi, miguu, ulinzi na mtupo wa mbali, vyote Jumatatu baada ya Uteuzi. Zamu za nyongeza zilitutia tamaa. Nasema "zilitutia" ingawa mpango ule niliuandika mimi, mkuu wa uteuzi wa timu, kwa mkono wangu, na niliupenda.

*

Kwa furaha ile nikafanya kosa.

Mimi ni Mnyamwezi wa kota za reli. Mila za kwetu nazijua kama mtu anavyoujua mchuzi wa jirani, kwa harufu. Nilitaka kumshukuru mama yake Nkwabi kwa heshima ya kikwetu, si kwa kadi na keki. Nikanunua kaniki mpya na jembe jipya lisilo na mpini, kwa sababu niliwahi kuona vitu hivyo vikipelekwa nyumba ya mtu mzima kwa adabu kubwa. Nikampa Yusto avipeleke. Nikamfundisha apige goti na kusema, "Mama, nimepokea cha mwanao."

Kesho yake asubuhi simu ikalia.

"Shikamoo, mama," alisema Yusto. Sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Mama, huku kwa kina kaka Nkwabi kuna msiba."

"Nani kafa?"

"Kaka Nkwabi."

"Kafa saa ngapi?"

"Hajafa, mama. Yuko hapa karibu yangu anakula karanga."

Nilifika Isevya, mtaani kwao, nikakuta mikeka imetandikwa uani, wanawake wamejifunga khanga viunoni, sufuria kubwa tatu motoni. Watani walikuwa wameshaingia kazini. Kwenye kizingiti alijilaza Chilongani, Mgogo fundi baiskeli, amevaa jezi ya Nkwabi, anakataza watu kupita mpaka wamlipe kwa kucheza. Wagogo ni watani wetu, na mtani akija msibani mwako hukasiriki, hata akikuvua viatu.

"Marehemu alikuwa mchoyo!" alipiga kelele Chilongani, akainuka na kuchechemea kama Nkwabi. "Pasi anatoa, lakini supu hatoi! Marehemu, sogea huko, unakalia mkeka wa wafiwa!"

Watu walicheka hadi wakashikana. Nkwabi naye alicheka, lakini nilimwona anavyozichambua karanga bila kuzitia mdomoni. Upande wa pili Yusto alikuwa amekalishwa kwenye kigoda, kaniki yangu mabegani mwake, na kila mwanamke aliyeingia alimpigia goti na kumwita Nkwabi. Kijana alikuwa ananitazama kama mbuzi aliyepandishwa lori.

Bibi Mbuke, mama yake Nkwabi, alikuwa amekaa chini karibu na mlango, kichwa kimenyolewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuhani?"

"Mama, mwanao mzima. Yule pale."

"Namwona. Macho yangu hayajafa." Akanionyesha nikae. "Kaniki na jembe lisilo na mpini huletwa na mrithi, siku anayokuja kujitambulisha kwa mama wa marehemu. Sikuviomba. Umevileta wewe."

"Nilikosea, mama. Sikujua."

"Nilisema hivyo hivyo jana. Nikasema, mtoto wa kota huyu, hajui. Basi nikamwambia kijana wako arushe kokoto kwenye ile ndoo. Akashika sikio kwanza. Mwanangu hushika sikio hivyo tangu ana miaka sita. Kokoto ikaingia. Nikamwambia mwanangu naye arushe. Kokoto yake ikaenda kwa jirani." Akanitazama usoni. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Cha mtu kikiwa kwa mwingine, na mwenyewe hanacho tena, mtu huyo yuko wapi?"

Nikaigeukia ile ndoo.

"Hapa hatumrithi mtu aliye hai. Kwa hiyo mmoja amekosea, ama ninyi mliomrithisha, ama yeye anayeendelea kula karanga. Mrudishieni chake nivunje matanga."

"Hakirudi, mama."

"Basi nalia kwa haki. Na nasikia Jumatatu mnachukua vingine vinne. Nifanye misiba minne? Hata watani watachoka."

Alisema kama mzaha, halafu akajifunika uso kwa khanga. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku tuliyofungwa kwa pointi sitini nyumbani.

*

Nilimvuta Nkwabi nyuma ya nyumba tuongee. Huko kuna mti wa mninga, na chini yake palikuwa na mizinga ya nyuki kumi na moja, mipya, imepangwa ardhini. Nilijua habari za mizinga ile. Tangu goti lianze kumsumbua, Nkwabi alikuwa akisema akistaafu atafuga nyuki kama marehemu baba yake, atapeleka mizinga msituni Sikonge na kuishi kama mfalme.

"Mbona haijapandishwa?" niliuliza. "Ulisema utaanza na mti huu Jumapili."

Akaokota kamba iliyofungwa kijiti mwishoni, akasogea chini ya tawi, akairusha. Ndivyo wanavyofanya warina asali: kijiti kinapita juu ya tawi, kinarudi na kamba, unavuta mzinga. Kijiti kikagonga shina. Akarusha tena, kikaanguka miguuni mwake. Mara ya tisa nikamshika mkono.

"Kumbe ni mkono uleule," alisema. "Nilidhani kamba ni kamba na mpira ni mpira."

Nikaelewa. Ubongo haujui ligi. Kiganja kinachokunjika mwishoni kuachia mpira ndicho kinachokunjika kuachia kamba, na kofia ilikuwa imefumua vyote pamoja. Kama mtupo mmoja umeondoka na kamba, basi miguu ingeondoka na nini? Kupanda mti? Kucheza ngoma kwenye harusi ya bintiye? Hata Anjelo asingeweza kuniambia.

"Umejua lini?"

"Usiku uleule wa jaribio."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungesimamisha."

"Ningesimamisha ndiyo!"

"Ndiyo maana." Akakaa juu ya mzinga, mguu mbovu kaunyoosha. "Dada Minza, nisikilize. Goti limekufa. Mkataba mliuacha ukaisha kimya, hata chai ya kuagana hamkuninywesha. Sikulaumu, timu inajengwa upya, na nyumba mpya haijengwi kwa tofali bovu. Lakini pasi zangu nikikaa nazo hapa na nyuki, zitamfaa nani? Mkinitoa, angalau nitakuwa uwanjani kwa miguu ya watu wanne."

"Na wewe utabaki na nini?"

"Karanga." Akatabasamu kidogo. "Na usidhani ukikataa umeniokoa. Timu ya Makaa ya Mbeya wamenipigia. Wanataka pasi na ulinzi. Wanakuja Jumamosi alasiri na karatasi zao. Mchezaji asiye na timu anampa amtakaye. Heri nikupe wewe."

Ningemwambia nini? Mwili ni wake. Si mtoto, si mlevi, si mwenye njaa. Nikimkatalia, ninamsukumia Mbeya. Nikimkubalia, ninamfumua mtu mpaka mama yake asimtambue, na ninafanya hivyo kwa sababu tu nina zamu nne badala ya moja. Kutoka uani nilimsikia Chilongani akimwimbia marehemu wimbo wa matusi, na watu wanacheka.

*

Ijumaa tulipanda treni kwenda Dodoma kwenye Uteuzi, mimi na Bi. Zuhura. Yeye aliendesha treni miaka thelathini na mmoja, na hadi leo akiwa abiria huangalia dirishani kama anayesahihisha kazi ya mwenzake. Nilimweleza yote, kaniki, kokoto, kamba.

"Uchungu wa Bibi Mbuke ni uchungu wangu," alisema. "Lakini mtu mzima amesema nitoeni. Wewe ni nani umkatalie?"

"Amesema hivyo kwa sababu tumemwacha, mwenyekiti. Mtu akitupwa, anaona heri agawanywe kuliko abaki jalalani."

"Na mji je? Umeona wale wazee walivyovua kofia?"

"Nimeona."

"Basi usiniletee huzuni peke yake. Niletee njia."

Njia sikuwa nayo. Nilikuwa na kitabu cha kanuni za ligi, kurasa mia mbili na kitu, ambacho sisi wa uteuzi tunakijua kama watu wanavyojua katiba, yaani tunakitaja bila kukisoma. Nikakisoma. Tulipopita Itigi nilikuwa kwenye mambo ya viatu. Tulipopita Manyoni nikafika kifungu cha arobaini na nne, nikapiga ukelele hadi mtoto wa kiti cha mbele akaamka.

"Mteule," nilisoma, "hatatolewa ujuzi wowote mwilini mwake kwa misimu miwili tangu siku ya kuteuliwa, hata kwa hiari yake."

Bi. Zuhura akageuka kutoka dirishani. Kifungu kile kiliwekwa miaka ya mwanzo ya kofia, wakati timu kubwa zilikuwa zikiteua vijana wenye vipaji ili kuwafumua tu na kuwatupa. Kiliwekwa kwa ajili ya vijana. Lakini hakikutaja umri. Walioandika hawakufikiria kwamba atatokea mwendawazimu wa kutumia zamu kwa mtu wa miaka thelathini na minane mwenye goti moja. Na kila mchezaji ambaye mkataba wake umeisha huingia kwenye orodha ya Uteuzi, atake asitake. Anachotakiwa ni kusema "nakubali" mbele ya karani ndani ya dakika kumi. Asiposema, zamu inapotea.

"Unataka kumteua Nkwabi," alisema Bi. Zuhura polepole.

"Nataka kumteua."

Akacheka kwa pua. "Tumia ya ishirini. Zamu ya ishirini ni shingo ya kuku, haina nyama. Zile nyingine usiziguse, Minza. Nakuonya."

"Ya ishirini inatosha," nilisema, na usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala wiki nzima.

*

Uteuzi ulianza Jumamosi saa nane mchana. Ukumbi ulijaa, timu ishirini na nne, kila moja na meza yake na bendera yake. Zamu ya tatu nilimchukua Sayi Malongo, binti wa Urambo, mwenye mikono mirefu hadi anajikuna magoti bila kuinama. Mambo yalikwenda vizuri. Bi. Zuhura alikuwa anatafuna bisi.

Zamu ya tisa ikiwa inaitwa, simu ikatetema. Yusto.

"Shikamoo, mama. Wamekuja."

"Nani?"

"Watu wa Mbeya. Mama mmoja na begi. Walisema saa kumi, wamefika sasa hivi. Kaka Nkwabi ananawa mikono asaini."

Niliangalia ubao. Kutoka ya tisa hadi ya ishirini palikuwa na zaidi ya saa nzima. Mkono wa mtu kusaini karatasi unahitaji muda gani?

"Mwambie asubiri."

"Nimemwambia. Amesema amesubiri tangu Juni."

Zamu ya kumi ilichukuliwa na Kampala. Karani akasoma, "Zamu ya kumi na moja, Reli Tabora," na Bi. Zuhura akaniinamia kwa furaha. Evodius alikuwa bado yupo. Evodius wa Bukoba, urefu mita mbili na sentimita nane, aliyetakiwa na kila mtu na kuachwa kwa makosa ya wengine.

"Evodius," alininong'oneza. "Mungu katuona. Nenda kaseme Evodius."

Nilinyanyuka. Nakiri kwamba njiani kuelekea kwenye kipaza sauti nilikuwa bado sijaamua. Nilimfikiria Domitila akipunga mkono dirishani mwa treni. Niliwafikiria wale wazee. Halafu nikafikiria kwamba hakuna mtu aliyenipa zamu za nyongeza ili nizidishe ukubwa wa kosa langu. Nikashika kipaza sauti.

"Nkwabi Shija," nilisema. "Wa Tabora."

Mtu wa meza ya Arusha akacheka, na ukumbi mzima ukamfuata. Sikumtazama Bi. Zuhura. Karani, kijana mwenye miwani, alipekua orodha mara mbili, akashauriana na wenzake, akapekua kifungu, mwisho akapiga simu. Uso wa Nkwabi ukatokea kwenye kioo kikubwa cha picha ukumbini, mkubwa kama lori, kalamu mkononi. Nyuma yake aliketi mama wa Mbeya na begi lake. Saa ya dakika kumi ikaanza kuhesabu kurudi nyuma.

"Bwana Nkwabi Shija, umeteuliwa na Reli Tabora. Unakubali?"

Nkwabi aliangalia kalamu, akaangalia kioo cha simu. "Dada Minza yuko hapo?"

"Nipo."

"Umesoma kifungu gani hicho umenifungia nacho?"

"Cha arobaini na nne. Na sijakufungia. Sema hukubali, zamu inapotea, na uko huru kusaini hiyo karatasi. Sitakulaumu."

"Zamu ya ngapi hii?"

"Ya kumi na moja."

"Zamu ya Domitila? Unaitupa kwa goti bovu?"

"Sijaitoa kwa goti."

"Unanihurumia basi. Mama kanililia, nawe ukaja na huruma."

Watu walikuwa wameacha kucheka. Dakika saba.

"Nakuhurumia, ndiyo," nilisema mbele ya timu ishirini na tatu. "Kwa huruma nilikuwa nimekupangia ya ishirini, na mwenyekiti alikubali. Hii ni kwa ajili yangu. Nina binti wa Urambo hapa ambaye sitamvisha kofia, na wawili wanaokuja sitawavisha. Ni lazima mtu awafundishe kuona pasi kabla haijawa pasi. Mimi sijui. Wewe unajua, na ukifumuliwa hakuna atakayejua kuieleza, watajua kuifanya tu mpaka nao waishe. Nakuhitaji na vyote vyako, mdogo wangu. Tulikuacha vibaya. Nilikuacha vibaya mimi. Nisamehe."

Dakika tano. Kwenye kona ya kioo kikaingia kichwa cha Chilongani.

"Marehemu! Wanakuita! Itika, tuvunje msiba tukale!"

Nilimwona Nkwabi akijizuia, akashindwa, akacheka mpaka kalamu ikamtoka. Alipomaliza alijifuta macho kwa mgongo wa mkono na kuinama kuiokota kalamu. Dakika mbili.

"Mazoezi saa ngapi?" aliuliza.

"Bwana Nkwabi," alisema karani, "tafadhali jibu nakubali au sikubali."

"Wewe kijana, nimeuliza mazoezi saa ngapi."

"Saa kumi na mbili asubuhi," nilimjibu. "Na usichelewe. Wachezaji wapya ndio wanaobeba mipira."

"Nakubali," alisema Nkwabi.

Sikumbuki nilivyorudi mezani. Nakumbuka kwamba nilipokaa hewa iliingia hadi chini kabisa ya mapafu, kana kwamba tangu siku ya karakana nilikuwa navuta nusu. Kwenye kioo, kabla hawajakizima, mama wa Mbeya alikuwa anakunja karatasi zake bila hasira, na Bibi Mbuke, kichwa kilichonyolewa, anapita nyuma yake kumwambia mtu aongeze maji kwenye wali.

Karani akaita zamu ya kumi na mbili, na Makaa ya Mbeya wakasimama wakamchukua Evodius. Walishangilia kwa kugonga meza.

"Watatuimba msimu mzima," alisema Bi. Zuhura mwishowe.

"Najua, mwenyekiti."

"Na mji utakutafuta stesheni."

"Najua."

Machozi yalikuwa yananitoka bila aibu, na nilikuwa nacheka pia. Alinitazama, akafungua mkoba wake, akanipa leso.

"Futa uso," alisema. "Zamu ya kumi na sita ni yetu, na anayekuja leo atataka kuona kwamba tumefurahi kumpata."